Mitala, ridhaa na dodoso: Tanga tunapima nini hasa?

Bibi alikuwa barazani kwake, Ngamiani, anakuna nazi, na mimi nimeshika dodoso. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuwa ameniomba nimjaribie maswali aliyoyafasiri kutoka Kiingereza, kabla hajaingia mitaani na wadadisi wake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikasoma la kwanza kama lilivyoandikwa: "Una mtazamo gani kuhusu mahusiano ya kimapenzi ya watu zaidi ya wawili kwa ridhaa ya wote?" Mkono ukasimama, kizio kikabaki kwenye meno ya mbuzi. "Mwanangu, hapo unaniuliza ndoa au unaniuliza uhuni?"

Tangu siku ile, kila nikisikia asilimia ya watu wanaokubali au kupinga mambo haya, huuliza kwanza swali lilisomwaje.

Dhana: Pwani tuna mitala toka enzi, kwa hiyo poliamori ni mitala kwa jina la Kizungu.

Ukweli: Hapana, na hapa ndipo pa kukaa kitako. Poliamori ni neno lililozuka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maana yake ni mtu, awe mwanamume au mwanamke, kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja huku wote wakijua na wote wakiwa wamekubali. Mitala ni ndoa, na mlango wake uko upande mmoja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, lakini mwanamke aliye ndani ya ndoa haruhusiwi kuolewa na mwingine. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inaweza kuwa hivyo, mpaka ithibitike vinginevyo.

Na ridhaa ya mke aliyepo? Sheria hiyo inampa nafasi ya kuweka pingamizi notisi ya ndoa mpya inapotolewa, kwa mfano akiona uwezo wa mume hautoshi na yeye na watoto watataabika. Nafasi hiyo ni muhimu, nami natamani kila mke wa Pwani aijue. Hata hivyo kupewa nafasi ya kupinga si sawa na kuulizwa kama umeridhia.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Johnson na wenzake, walichapisha kipimo kifupi cha mitazamo kuhusu poliamori. Kina kauli saba, na mhojiwa anasema anakubaliana na kila moja kwa kiasi gani. Nyingine inahusu watoto, nyingine haki za kisheria, nyingine kama watu wanaitumia poliamori kuhalalisha usaliti. Mojawapo inauliza kama aina za kidini, mfano mitala, zinakubalika. Ipeleke kauli hiyo Chumbageni au Makorora: mzee wa msikitini ataikubali moja kwa moja, kisha kwenye sita zilizobaki aipinge poliamori bila kusita. Ukijumlisha alama zake ataonekana ana ulaini kidogo kwa poliamori, na huyo mzee hana ulaini hata chembe. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa kwingine lazima kijaribiwe upya hapa, kauli kwa kauli, kabla ya kujumlisha chochote.

Dhana: Takwimu zinaonyesha Wamarekani wanazidi kuikubali poliamori.

Ukweli: Namba zinazotajwa sana ni za Gallup, shirika la Marekani la kura za maoni. Mwaka 2003 asilimia 7 walisema mitala inakubalika kimaadili; mwaka 2020 walifika asilimia 20. Kupanda kupo, sikatai. Ila swali linahusu ndoa, na poliamori haitajwi humo. Tena maneno yenyewe yalibadilika njiani: mwanzo lilimtaja mume mwenye wake zaidi ya mmoja, na tangu 2011 linamtaja mtu yeyote mwenye mwenzi zaidi ya mmoja wa ndoa. Mwaka 2017 mitala ilipata asilimia 17, na mtu aliye kwenye ndoa kutoka nje ya ndoa yake asilimia 9. Binafsi nasoma hapo kwamba hata kwao kinachochukiza zaidi ni kufichwa.

Dhana: Huko mtu mmoja kati ya watano anaishi hivyo.

Ukweli: Namba hiyo inatoka kwenye utafiti wa Haupert na wenzake wa mwaka 2017, ambao uliwauliza watu wasio na ndoa tu, na uliuliza kama wamewahi kuwa na uhusiano wa namna hiyo, hata mara moja maishani. Kuwahi si kuishi.

Dhana: Ukimwahidi mtu siri, atakwambia ukweli.

Ukweli: Siku ile shemeji yake bibi alikuwa kaketi ngazini. Majibu yalikuwa mafupi: ni sawa, hakuna neno, ndiyo dini. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa shemeji akaondoka, na bibi akaanza upya bila kuulizwa. "Mie niliambiwa siku mwenzangu keshaingia ndani. Mnaiitaje hiyo kwenye karatasi yenu?"

Watafiti wana njia ya kumpunguzia mtu mzigo huu. Nusu ya watu unawasomea mambo manne ya kawaida, nusu nyingine unawasomea hayo manne na la tano lenye aibu. Humwulizi mtu yapi. Unamwuliza mangapi yanamkera. Tuseme kundi la kwanza lina wastani wa 2.1 na la pili 2.4: tofauti ya 0.3 inamaanisha kama asilimia 30 wanakerwa na lile la tano, na hakuna aliyejitaja. Njia hii inataka watu wengi, na haikwambii nani ni nani. Kwa mitaa yetu, ambako baraza halikosi masikio, naipenda kuliko kiapo chochote cha siri.

Jioni ile mimi na mwanafunzi tulilivunja lile swali moja kuwa matatu. Uliambiwa kabla? Uliulizwa kama unaridhia? Ungekataa, ndoa ingezuilika? Kesho yake nikarudi kwa bibi asubuhi, peke yake. La kwanza na la pili aliyajibu papo hapo: hapana, hapana. La tatu akaniangalia, akavuta sinia, akarudi kwenye mbuzi yake. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "hajui" na kisanduku cha "hakujibu". Nikaweka alama kwenye "hakujibu".