Kulisha Ndege Nyumbani: Hofu Nyingi Zimekosa Shabaha

Anayetundika chombo cha mbegu uani hakosi mtu wa kumwonya. Maonyo yenyewe hutolewa kwa nia njema, ila mengi yanapigana na adui asiyekuwepo, na hatari zilizopo kweli hazitajwi.

"Watazoea vya bure, na siku ukiacha watakufa njaa."

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na bahati nzuri imepimwa. Mwaka 1992 watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple walichapisha matokeo ya kazi yao katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kuhusu chikadii, ndege wadogo wenye utosi mweusi. Waliondoa vyombo mahali ambapo ndege hao walikuwa wamelishwa kwa miaka 25, kisha wakawalinganisha na wenzao wasiowahi kulishwa na mtu. Makundi yote mawili yalinusurika majira ya baridi kwa kiwango kilekile. Hata vyombo vilipokuwa vimejaa, sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka porini. Ndege hategemei mti mmoja, wala hategemei uani kwako.

Wapo pia wanaosema kwamba ndege wahamao watagoma kuondoka. Safari zao huchochewa zaidi na urefu wa mchana unapobadilika, si na sahani iliyojaa.

"Chakula ni chakula, makombo ya mkate yanatosha."

Mkate hauui, lakini hujaza tumbo bila kuujenga mwili. Maziwa hayafai kabisa, kwa sababu ndege hawana uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo. Karanga ni nzuri zikiwa hazina chumvi wala ukungu, kwani sumukuvu huwadhuru ndege pia. Mbegu za alizeti huwavutia wengi. Kwa ndege wavumaji wa mabara ya Amerika, wanaofyonza nekta ya maua, changanya sehemu 1 ya sukari nyeupe na 4 za maji, basi. Rangi nyekundu haihitajiki, na asali huchacha na kuotesha kuvu.

Ila wako ndege ambao hawatagusa mbegu hata moja. Hao utawapata kwa beseni la maji lisilo na kina, na kwa kuacha kupuliza dawa ya wadudu bustanini. Hata ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda yao viwavi na wadudu, kwa hiyo anayejaza chombo mbele na kupuliza sumu nyuma ananyang'anya kwa mkono mmoja anachotoa kwa mwingine.

"Pilipili ya kuwafukuzia kindi inawaunguza ndege."

Haiwaunguzi. Kindi wanaokuja kuiba mbegu, kama sisi, huhisi ukali wa kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Mishipa ya fahamu ya ndege haiitikii ukali huo. Ndege ndio hula pilipili za porini na kusambaza mbegu zake. Atakayeumia ni wewe ukijipangusa macho baada ya kuichanganya na mbegu.

"Mbegu zikiisha, ongeza, hakuna kazi nyingine."

Hapa ndipo maonyo yangepaswa kuelekezwa. Chombo huwakusanya pamoja ndege ambao porini wangetawanyika, wakala na kujisaidia palepale. Mwaka 1994, karibu na Washington, Marekani, finchi, ndege wadogo wala mbegu, walianza kuonekana kwenye vyombo vya chakula wakiwa wamevimba macho, wengine wameshapofuka. Chanzo kilikuwa *Mycoplasma gallisepticum*, bakteria ambaye wafugaji wa kuku wanamfahamu vizuri. Uingereza nako, tangu katikati ya miaka ya 2000, vimelea vinavyoshambulia koo vimepunguza sana idadi ya finchi wa kijani.

Kwa hiyo osha chombo kila wiki moja au mbili kwa maji moto na sabuni, au kwa dawa ya klorini, sehemu 1 kwa 9 za maji. Suuza, kisha kikauke kabisa kabla ya kutia mbegu. Fagia na zilizoanguka chini. Ukimwona ndege amejitutumua manyoya, mzito, haruki hata ukimkaribia, ondoa vyombo vyote kwa wiki mbili au zaidi. Kwangu mimi, asiye na nafasi ya kuosha ni heri asitundike.

"Kiweke mbali kidogo na dirisha."

"Mbali kidogo" ndipo pabaya. Ndege akishtuliwa umbali wa mita chache hufika kwenye kioo akiwa kwenye kasi kamili. Weka chombo ndani ya mita 1, ambapo hawezi kupata mwendo wa kumuumiza, au zaidi ya mita 10. Makadirio ya mwaka 2014 yalisema vioo vya majengo huua kati ya ndege milioni 365 na 988 kila mwaka nchini Marekani pekee. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati haisaidii. Panahitajika alama nyingi upande wa nje, zikiachana kama sentimita 5.

"Kutazama ndege dirishani si elimu."

Mradi wa FeederWatch, ulioenea Marekani na Kanada tangu 1987, unategemea watu wa kawaida wanaohesabu ndege nyumbani kwao. Ugonjwa wa macho ulipozuka, watazamaji wa aina hiyo ndio waliowawezesha wanasayansi kufuatilia ulivyosambaa. Waliombwa waripoti hata pale walipoona finchi wazima tu, kwa sababu bila hao isingejulikana ugonjwa haujafika wapi.