Bakteria wanavyofichua kazi za protini: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Maabara inayofuga bakteria inacheza na moto.

Inategemea ni bakteria gani. Anayetumika zaidi ni E. coli K-12, aliyepatikana kwa mgonjwa huko Marekani mwaka 1922. Amelelewa maabara miaka mingi hivi kwamba hata tumboni mwa binadamu hawezi tena kuweka makazi.

Dhana: Protini ya mnyama haiwezi kuchunguzwa ndani ya bakteria, kwa sababu hapo si kwao.

Huo ugeni ndio faida yenyewe. Konyeza aitwaye Aequorea victoria ana protini inayong'aa kijani. Swali lilikuwa: inang'aa yenyewe, au inasaidiwa na vimeng'enya vya konyeza, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili wake? Kwa kumchunguza konyeza huwezi kujua, maana mwilini mwake vyote vimo. Mwaka 1994 mtafiti Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba E. coli waliopachikwa jeni moja tu, yaani maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, nao hung'aa kijani wakimulikwa. Kwa bakteria hakuna kimeng'enya chochote cha konyeza, kwa hiyo msaidizi hahitajiki. Oksijeni inatosha.

Mwaka huohuo kundi la mtafiti Roger Tsien liliivuruga jeni hiyo ovyo, kwa makusudi, likaipandikiza kwa bakteria na kukagua koloni, yaani vishada vya bakteria, zilizoota kwenye sahani. Ikaonekana inayong'aa bluu. Kati ya asidi amino 238 zilizoungana kuunda protini ile, kilichogeuza rangi ni ile ya 66: asidi amino iitwayo tairosini ilikuwa imebadilika kuwa nyingine, histidini. Bila kuona protini kwa macho, pakajulikana mahali rangi inapotoka. Kazi ya namna hii inawezekana kwa sababu E. coli akishiba, kwenye nyuzijoto 37, hugawanyika kila dakika 20 hivi. Ukipanda jioni, asubuhi koloni zipo.

Dhana: Protini isipofanya kazi ndani ya bakteria, basi haina kazi.

Hapa hata wanafunzi wa chuo hujikwaa. Protini nyingi za binadamu zikitengenezwa na E. coli hujikunja vibaya, zikagandamana na kuwa vibonge visivyofanya lolote. Insulini ya binadamu ilipotengenezwa kwa bakteria mwaka 1978, ilibidi minyororo yake miwili itengenezwe kwa bakteria tofauti, kisha iunganishwe nje. Tena E. coli wa kawaida wa maabara hapachiki sukari ambazo baadhi ya protini huzihitaji, ndiyo maana erithropoietini, dawa ya kuongeza damu, hutengenezwa kwa seli za hamsta.