Mhojaji Akibisha Hodi: Unachopaswa Kujua

Tunaendelea kupokea malalamiko kuhusu watu wanaojidai watafiti wa maoni, kisha wanadai nambari za vitambulisho. Mhojaji halali hujitambulisha, hutaja taasisi iliyomtuma na huomba ridhaa yako kabla ya swali la kwanza. Huenda akaomba nambari ya simu ili msimamizi wake ahakikishe alifika kwako. Kitambulisho cha nini? PIN ya M-Pesa ndiyo usimpe kabisa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako itatumiwaje, kuiona, kuipinga isitumiwe na kutaka irekebishwe. Lalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi, na uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Taasisi yaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kosa lisilotajiwa adhabu mahususi lina faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Sasa lile swali la kila siku: "Mbona mimi sijawahi kuulizwa?" Wakenya watu wazima ni zaidi ya milioni 25. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, kwa mfano, huhoji 2,400. Piga hesabu mwenyewe, halafu uache kusema ni njama. Idadi hiyo ikichaguliwa kwa bahati nasibu, majibu huweza kukosea kwa takribani asilimia 2 juu au chini. Ndiyo maana mume akisema, "Nihoji mimi, huyu hajui siasa," mhojaji hana ruhusa ya kumkubalia ikiwa kura imemwangukia mke.

Tena siasa ni sehemu tu. Huulizwa pia: mwaka uliopita, ni mara ngapi nyumbani kwenu mmekosa chakula cha kutosha, maji safi, dawa, moto wa kupikia au pesa taslimu? Mkazi wa Pipeline, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, mwenye kazi anayekiri kukosa dawa mara nyingi anatueleza jambo ambalo takwimu za ajira haziwezi kulisema. Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho, kwa bahati mbaya, mara nyingi tunaishia kwa askari wa getini.

Mwishoni mwa mahojiano huulizwa: unadhani nani ametutuma? Wapo wanaojibu "serikali," ingawa waliambiwa vingine mlangoni. Jibu hilo nalo huandikwa, kwa sababu anayedhani anaongea na serikali hupima maneno akiulizwa kama aliwahi kumpa polisi kitu kidogo.