Mtumba haujachoka, umekatwa upande

Wiki hii tena. Mama mmoja, niliyemshawishi mwenyewe ajifunze kushona, kaja kibandani kwangu Majengo na gauni la mwanawe, kalibwaga juu ya cherehani. "Fundi, si nilisema mtumba umechoka? Nimelifua mara mbili tu, ona lilivyopinda."

Nikalitundika. Mshono uliotakiwa kushuka ubavuni ulianzia kwapani, ukazunguka, ukatokea mbele ya goti. Nikakivuta kitambaa kwa madole gumba mbele yake: kizima, kimekaza. Lilikuwa shati la mwanaume, pamba nzuri. Shati halina kosa. Alilikata upande.

Nalisikia neno hili kila mwezi na limenichosha. Kitambaa cha mtumba huchoka mahali, ni nadra kuchoka chote. Shati huisha kwenye kola, kwapani na viwikoni. Suruali makalioni na kati ya mapaja. Shuka huisha katikati wanapolala watu, pembeni linabaki zima. Linyanyue juani, palipochoka panapitisha mwanga kama chujio. Pakwepe hapo, kilichobaki ni kitambaa halali. Tena kimeshafuliwa mara nyingi, kilichotaka kurudi kimesharudi, wakati kitenge kipya usipokiloweka kabla ya kukata kitakuabisha baadaye.

Sasa huo upande. Kitambaa kilichofumwa kina mtande, nyuzi zilizokazwa mtamboni kwa urefu, na mshindio unaopita kwa upana. Mtande kwa kawaida umesokotwa kwa nguvu zaidi, haulegei ovyo, ndiyo maana tunauachia ubebe uzito wa nguo. Ukishuka wima, gauni linaanguka wima. Ukikata hanamu, yaani upande, hata kwa vidole viwili tu, uzito unazivuta nyuzi kwa pembe, na maji yakishazilegeza nguo inafuata uzi wake, haifuati mshono wako. Mbele ikiwa wima na nyuma hanamu, ndiyo hayo ya mshono kutokea gotini.

Nikimuuliza mtu kwa nini alikata hivyo, jibu ni moja: "Ndivyo kilivyoenea." Anaizungusha pateni, ile karatasi ya kukatia, juu ya kipande mpaka ienee, anafurahi kaokoa kitambaa. Hajaokoa kitu! Kisichoenea wima hakijaenea. Unga kipande ubavuni, weka kiungo kiunoni, au kiache kiwe mfuko na kola. Watu wanaona haya kuunga, nami sielewi haya hiyo inatoka wapi. Kiungo kilichonyooka na kupigwa pasi vizuri wengi hudhani ni mtindo.

Kuujua mtande kwenye kitambaa kipya ni rahisi, unakwenda sambamba na ukingo. Kwenye shati la mtumba, fuata safu ya vifungo. Yoki ya mabegani usiifuate, mara nyingi imekatwa kinyume. Kwenye suruali, fuata mstari wa pasi. Shuka lina pindo pana kichwani. Mtande unashuka kutoka hapo kwenda miguuni. Mabaki ya fundi yasiyo na alama yoyote, vuta njia zote mbili: inayogoma zaidi kwa kawaida ndiyo mtande. Kisha chomoa uzi mmoja polepole mpaka mwisho. Utaacha kijistari chembamba, kata juu yake.

Mkono nao hudanganya. Vitambaa vilivyofumwa kwa kubana sana hugoma njia zote, na nimewahi kukata sketi nzima ya mteja nikiuamini mkono wangu, ikakaa upande, nikailipa. Jinzi ina ufumaji wa mshazari, na nyingine hupinda hata ukiikata kwa haki yote. Hizo nimeacha kushonea nguo, nashonea mikoba. Fulana sizizungumzii, ule ni ufumaji mwingine kabisa.

Na unafuu wenyewe wa kushonea mtumba? Kufumua shati kwa wembe kunaweza kukula muda kuliko kushona gauni. Ukiongeza uzi na zipu mpya, kuna siku gauni lililokwishashonwa ni nafuu kuliko la kwako. Ndiyo maana siku hizi shati la mtumba silifumui. Nakata kando ya mshono, nakubali kupoteza sentimita 2. Na anayeanza namwelekeza kwenye shuka, kama yale yanayomwagwa chini mnadani Msalato, hapa Dodoma, Jumamosi: kipande kimoja kikubwa, mtande unaonekana. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa joto letu la Oktoba, chukua pamba.

Gauni lile tumelifumua. Kulinyoosha kumekula upana, kwa hiyo tukaunga ubavuni vipande viwili vilivyotoka kwenye mikono ya shati lile lile, ambayo mama alikuwa ameshaitupa kwenye mfuko wa madekio. Tumeikata mtande ukishuka, akiushika uzi mwenyewe na kuuchomoa, ulimi nje kidogo kwa kukazania. Pindo la chini hatujapiga. Nimemwambia akalifue, alianike siku mbili, kisha alirudishe tulitundike tena.