Sanduku la barua la msituni: muhuri si stempu, na wala si hazina

Nimeyakuta tena maneno yale yale, safari hii kwenye daftari lililofichwa kando ya njia ya watazama ndege: "Tumepata hazina! Asanteni kwa stempu." Kopo lilikuwa limefungwa vizuri, daftari limo ndani ya mfuko wake wa plastiki, kavu kabisa. Muhuri ndio haukuwamo. Walioandika hawakuwa wezi. Waliamini kwa moyo mweupe kwamba kile kipande cha raba kilichochongwa umbo la kigong'ota ni zawadi ya aliyefika. Neno ndilo lililowaponza.

Sanduku la barua la namna hii, ambalo wengine huliita letaboksi, ni kopo lisilopitisha maji, lenye daftari na muhuri, lililofichwa kando ya njia ya miguu. Hutafutwa kwa vidokezo: toka kwenye kibao cha tatu, piga hatua 15 kuelekea mashariki, tazama chini ya jiwe lenye kuvumwani. Ukilipata, gonga muhuri wake kwenye daftari lako, gonga muhuri wako kwenye daftari lake, kisha rudisha kila kitu ulivyokikuta. Basi.

Mbona laitwa la barua na barua hamna? Zilikuwamo. Mchezo ulianzia Dartmoor, nyanda za juu zenye matope huko Devon, Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiongoza wageni huko, aliweka chupa Cranmere Pool, mahali pa mbali na pagumu kufika, ili waliofika waache kadi zenye majina yao. Baadaye watu wakawa wanaacha postikadi na barua zenye anwani, na mpita njia aliyefuata anazichukua na kwenda kuzituma. Barua yako ilibebwa na mtu usiyemjua, kwa hisani tu. Ndiyo maana "sanduku la posta" nalo halifai: lile lina namba, lina ufunguo, lina mwenyewe. Hili ni la yeyote atakayelifikia.

Muhuri ulikuja baadaye, uwe ushahidi wa kufika. Na hapa Kiswahili kimetupa kitu ambacho Kiingereza hakina. Wao wana neno moja kwa vitu viwili. Sisi tuna mawili, na kila moja lina kitenzi chake. Stempu hubandikwa, muhuri hugongwa. Stempu ukishaibandika imekwisha kazi, imekwenda na bahasha. Muhuri ugongwe mara elfu, utabaki pale pale ukimsubiri mgeni mwingine. Anayeuita muhuri stempu ameshajiruhusu kuondoka nao bila kujua. Ule wa kigong'ota naukumbuka: aliyeuchonga alimwelekeza ndege kushoto ili kwenye karatasi atazame kulia, na kila unyoya wa kishungi ulikuwa mkato mmoja mwembamba wa kisu. Kazi ya jioni nyingi.

Neno "hazina" nadhani limevuka kutoka mchezo jirani, ule wa kutafuta makopo kwa GPS ulioanza Marekani mwaka 2000. Huko mara nyingi kuna vitu vya kubadilishana: chukua kimoja, weka kingine. Michezo yote miwili ni mizuri, ila desturi ya mmoja haiuhusu mwenzake.

Msituni kosa hilo lina madhara zaidi, kwa kuwa mtafuta hazina hupekua kila tundu. Kisanduku kilichotundikwa mtini, chenye tundu la duara mbele, ni cha kiota. Ndege akishtuliwa mara kwa mara anaweza kuyatelekeza mayai. Kidokezo kikikuleta hadi kwenye mti wenye shimo ambalo ndege anaingia na kutoka, rudi nyuma ukisome upya. Umekosea hesabu ya hatua.

Na wewe uliye na kigong'ota wa raba nyumbani, hakuna kilichoharibika. Jiwe lipo, kopo lipo. Urudishe siku utakayopita tena, na kando ya pale ulipoandika "stempu" gonga muhuri wako mwenyewe, ili tujue ulifika.