Wavu wa Shaba Uliofukiwa Chini ya Kituo cha Kupoza Umeme

Anayepita karibu na kituo cha kupoza umeme, kama kile cha Mahumbika mkoani Lindi, huona transfoma, nguzo na kokoto zilizotandazwa. Asichokiona ni ethi yenyewe, yaani njia ya kuupeleka umeme wa hitilafu ardhini: wavu wa nyaya nene za shaba, ambao kwa kawaida hufukiwa yapata nusu mita chini ya ardhi, na ambao vyuma vyote vya kituo hufungwa kwake.

Wengi hudhani kuwa ukinzani wa ethi, yaani kiasi inavyouzuia mkondo kuingia ardhini, ukiwa mdogo, usalama umekamilika. Hata hivyo, hitilafu ikimwaga ampea 2,000 kwenye ethi yenye ukinzani wa omu 1, ambao kwa kweli ni mdogo, uwanja wa kituo hupanda hadi volti 2,000 ukilinganishwa na ardhi ya mbali. Kinachomnusuru fundi ni kwamba ardhi anayoikanyaga na chuma anachokishika hupanda pamoja, kama ngalawa na shehena yake maji yanapojaa. Kinachoua ni tofauti ya volti kati ya mkono na miguu, au kati ya mguu mmoja na mwingine. Ndiyo maana mara nyingi matundu ya wavu hubanwa zaidi pembeni na kwenye kona, ambako tofauti hiyo huwa kali, na waya mmoja hupitishwa karibu mita 1 nje ya uzio kwa ajili ya mpita njia atakayeuegemea.

Ukinzani wa udongo hupimwa kwa vigingi vinne vilivyopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa: mkondo hupitishwa kwenye viwili vya nje, volti husomwa kwenye viwili vya ndani, na kadiri nafasi inavyopanuliwa ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi. Mchanga wa Mtwara na Lindi ukikauka, ukinzani wake hupanda sana, hivyo kipimo cha Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, humpa msanifu matumaini ya bure. Mimi hupendelea kupima Oktoba, ardhi ikiwa kavu na watu wakiwa kwenye korosho. Karibu na bahari chumvi hushusha ukinzani, lakini hula chuma, na hapo shaba, isiyoliwa kirahisi, hurudisha gharama yake.

Kokoto nazo si pambo. Kwenye udongo wa omumita 100 (omumita ni kizio cha ukinzani wa udongo au kokoto zenyewe), hitilafu ikikatwa ndani ya nusu sekunde, mtu wa kilo 50 aliyekanyaga udongo mtupu na kushika chuma huhesabiwa kuvumilia takriban volti 190. Akisimama juu ya sentimita 10 za kokoto zenye ukinzani wa omumita 2,500, kikomo hicho hufika karibu volti 600. Kwa hiyo nyasi zikiota na udongo ukajaa katikati ya kokoto, kinga hiyo hupungua.

Anayechimbua shaba hiyo ili akauze chuma chakavu huenda asizime hata taa moja. Umeme huendelea kama kawaida, na pengo aliloliacha laweza lisijulikane mpaka siku ya hitilafu, mkono wa mtu mwingine ukiwa kwenye uzio.