Guantanamo: yanayosemwa, na yaliyotokea

"Waliofungwa kule ni magaidi waliokwisha hukumiwa." Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote. Tangu gereza hili la jeshi la Marekani kisiwani Kuba lifunguliwe Januari 2002, wamepita humo watu wapatao 780. Waliotiwa hatiani hawafiki 20. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa mwaka 2007, akarudishwa nyumbani Desemba 2024 bila kushtakiwa kwa lolote. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

"Katiba ya Marekani haifiki Kuba." Serikali ya Bush iling'ang'ania hoja hiyo, ati ardhi ile imekodishwa tu. Juni 2008 Mahakama ya Juu iliikataa kwa kura 5 dhidi ya 4: mfungwa ana haki ya kupeleka malalamiko kwa jaji ili sababu za kuzuiliwa kwake zichunguzwe.

"Ni dhambi ya chama kimoja." Seneta John McCain, Mrepublican aliyeteswa akiwa mateka Vietnam, ndiye aliyesukuma sheria ya 2005 ya kuzuia ukatili kwa wafungwa. Obama, Mdemokrati, aliamuru mwaka 2009 gereza lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Bunge likazuia fedha, na wenzake wa chama wakapiga kura hiyo pia.

"Siri zile zililinda raia." Zipo siri za halali, kama njia wanazopita wanajeshi vitani. Lakini mwaka 2005 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliteketeza kanda za video za mahojiano. Muhtasari wa ripoti ya Seneti, uliotolewa 2014, ulionyesha kwamba kati ya watu 119 walioshikiliwa na CIA, angalau 26 hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya shirika lenyewe.

"Bila mateso, haki isingepatikana." Hapa tunaguswa sisi wenyewe. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania aliyetolewa Guantanamo, alishtakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Jaji alimkataa shahidi muhimu, kwa kuwa serikali ilimjua kutokana na maneno aliyokamuliwa Ghailani katika jela za siri za CIA. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, jopo la raia lilimtia hatiani kwa moja tu. Kifungo cha maisha alikipata kwa hilo moja, katika mahakama ya kawaida, si ya kijeshi. Mashtaka ya mauaji ya watu wetu, moja baada ya jingine, yote yalianguka.